Faiba imefika mtaani: uzike bomba, ubandike waya, au uiachie waifai?

Mafundi wa faiba wakija kwetu huwa ni ule msemo wa Tanga, waja leo warudi leo. Wanaegemeza ngazi kwenye nguzo, wanavuta waya mweusi mwembamba hadi ukutani kwako, wanatoboa tundu moja, na pale tundu lilipotokea ndani ndipo kiboksi kinapofungwa. Taa zikiwaka kijani wanakuonyesha jina la waifai na nywila yake, unatia sahihi, wanakunja ngazi. Jioni ndipo unagundua kwamba intaneti iko nyuma ya pazia la sebule, kona iliyo jirani na nguzo, na chumbani kwako simu bado inakula bando.

Sioni kosa lao. Wamelipwa kuifikisha faiba nyumbani. Kuitembeza ndani ni kazi ya mwenye nyumba, na inatakiwa iwe imekwisha siku wanapobisha hodi.

Nimelipitia jambo hili kwenye nyumba mbili za ndugu zangu, zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza ni ya mama mkubwa, Ngamiani hapa Tanga, nyumba ya Kiswahili ya zamani: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani banda la vyumba viwili vya wapangaji. Ya pili ni ya binamu yangu, Kange, nyumba ya bloku iliyokwisha kuezekwa ila lipu bado. Wote wawili waliniuliza swali lile lile, ninunue nini, na kila mmoja nilimjibu lake. Hapa nayaweka machaguo yenyewe kwenye mizani, pamoja na mahali nilipoteleza.

Kiboksi kikae wapi

Ama faiba ikome pale inapoingilia, na kuanzia hapo uendelee na waya wa netiweki wa shaba. Ama uivute faiba yenyewe hadi katikati ya nyumba, kiboksi kikae huko.

Faiba ni uzi wa kioo unaopitisha mwanga. Haibebi umeme, haisumbuliwi na nyaya za taa zilizo jirani, na kuiongezea mita 20 ndani ya nyumba si kitu kwake, maana imeshatembea kilomita kadhaa toka kwenye mtambo. Adui yake ni kona. Faiba ya majumbani ya siku hizi, ile ya kundi la G.657, huvumilia kupindwa kwa nusukipenyo cha milimita 10, na aina nyingine hadi 7.5, ile ya G.652 iliyoitangulia ilitaka milimita 30. Ukiivutisha kwenye kiwiko kikali cha bomba, mwanga unavuja penye kona na kiboksi kinakuwashia taa nyekundu iliyoandikwa LOS, yaani mwanga haufiki. Ikikatikia ukutani, fundi umeme wako hana la kufanya. Anatakiwa mtu mwenye mashine ya kuyeyushia na kuungia kioo, na huyo yuko kwenye ratiba ya kampuni, si yako.

Shaba ina tabia nyingine. Fundi yeyote mwenye koleo la kubania vichwa vya RJ45 anairekebisha leo leo, na inakwenda hadi mita 100 bila kupungukiwa, urefu ambao nyumba zetu nyingi haziufikii hata ukizunguka fensi. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: faiba iende hadi mahali kiboksi kinapostahili kukaa kwa kipande kimoja, kwa njia iliyonyooka, kisha kuanzia hapo kila kitu kiwe shaba.

Kiboksi kinastahili kukaa wapi? Katikati, juu kidogo ya kichwa cha mtu, penye soketi na hewa. Jikoni hapana, ndani ya kabati la chuma hapana, ukuta unaopigwa na jua la alasiri hapana. Na tazama sisimizi. Kiboksi kina joto la kudumu usiku na mchana, nao wanalipenda. Nimewahi kufungua kimoja nikakuta mayai meupe yametandazwa juu ya sakiti kama mchele.

Kwa mama mkubwa jibu lilikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Aliyebuni nyumba ya Kiswahili hakuwa na habari ya waifai, lakini aliipangia mahali pake: ukumbi unagusa milango yote sita. Faiba iliingilia juu ya mlango wa baraza, ikafuata boriti mita 8, na kiboksi kikakaa katikati ya ukumbi. Kange hakuna ukumbi wa namna hiyo. Kuna sebule kubwa mbele na korido iliyopinda kuelekea vyumbani, basi tulichagua kistoo kilicho kwenye pindo la korido, ili nyaya zote za nyumba zikutanie humo.

Bomba, waya mtupu, au trankingi

Hapa nina upande na sijifichi: kama lipu haijapigwa, zika bomba. Usizike waya mtupu.

Binamu alikuwa amekwisha kubaliana na fundi wake aubandike waya wa netiweki kwenye bloku kwa misumari, lipu ije juu. Hoja yao ilikuwa fedha. Mabomba yanaongeza gharama, kutindua bloku ni siku mbili za vumbi, na waya ni waya. Kwa siku ya kwanza wana haki, intaneti itapita vile vile. Tofauti itaonekana siku msumari wa picha ya harusi utakapopita katikati ya waya. Waya uliozikwa mtupu ukifa, umekufa pamoja na ukuta wake. Uliomo ndani ya bomba unafungwa mpya mkiani, unauvuta wa zamani, na mpya unaingia nyuma yake. Ni kazi ya watu wawili, mmoja anavuta na mwingine analisha, na chai haijapoa.

Tofauti ya bei iko kwenye kutindua, siyo kwenye plastiki. Ndiyo maana nyumba ambayo haijapigwa lipu ni bahati, na ikishapigwa lipu na rangi hesabu inageuka.

Vipimo. Waya wa netiweki wa daraja la Cat6 una unene wa karibu milimita 6. Bomba la milimita 20, hili la kawaida la nyaya za taa, linapokea waya mmoja au miwili kwa raha. Wa tatu utauingiza kwa matusi. Bomba la milimita 25 linapokea minne. Kwa hiyo la 25 liende toka nje hadi kwenye kistoo, kwa ajili ya faiba, na la 20 toka kistooni hadi kila chumba. Faiba nyingi huja na kichwa chake kimeshafungwa, na kichwa kinataka nafasi kuliko uzi. Pindo liwe la duara pana, bomba lenyewe lipindwe kwa springi. Vile viwiko vya kununua vya nyuzi 90 viache kwa maji.

Usichanganye waya wa netiweki na wa umeme ndani ya bomba moja hata kama kuna nafasi. Siku ngozi ya waya wa volti 230 itakapochubuka, hutaki wa jirani yake uwe umeishia kwenye kompyuta ya mtoto. Mabomba yakienda sambamba yaachane kama sentimita 20, na yakilazimika kukutana, yapishane msalaba.

Kila bomba liachiwe kamba ya nailoni ndani, iingizwe wakati bomba linaungwa, kipande baada ya kipande. Midomo izibwe kwa karatasi za mifuko ya saruji. Hili naliandika kwa uchungu. Nyumba yangu mwenyewe, miaka minne iliyopita, niliacha midomo miwili wazi nikasafiri. Niliporudi fundi wa lipu alikuwa ameipitia kwa mwiko wake, laini kabisa, hujui hata palikuwa na tundu.

Ngamiani habari ya kutindua haikuwepo. Zile ni kuta za boriti na fito na udongo, zimepakwa lipu ya chokaa, na ukizigonga kwa tindo zinamwagika kama unga. Tukatumia trankingi, ile mifereji myeupe ya plastiki yenye kifuniko. Ubaya wake unaonekana kwa macho, na mama mkubwa aliuona kabla sijatoboa.

"Mwanangu, huo mfereji utaupitisha juu ya picha ya marehemu?"

"Hapana, mama. Naupandisha mpaka kwenye boriti, hutauona ukikaa."

"Nikikaa sitauona. Nikilala chali je?"

Tuliupandisha, tukaupaka rangi ya ukuta. Uzuri wa trankingi ni kwamba kosa lake linasahihishika: unafungua kifuniko, unaongeza waya, unafunga. Ila usiamini ile gundi ya mgongoni. Kwenye chokaa na unyevu wa pwani inaachia kabla ya masika kwisha. Tumia skrubu, na kwa nyumba za Raskazone au Sahare zinazopigwa na upepo wa chumvi, skrubu za nje ziwe za chuma kisichoshika kutu. Za kawaida zinalia machozi ya kahawia ukutani ndani ya mwaka.

Njia ya tatu ni kupitisha juu ya dari na kushuka chumba kwa chumba. Inafaa nyumba iliyokwisha kumalizika na yenye dari la jipsamu. Humo kuna panya, nao hawachagui Cat5e, daraja la chini yake, wala Cat6. Bomba tena, hata juu ya dari.

Waya kila chumba, ruta za kupokezana, au waifai moja?

Kabla hujanunua chochote, fanya jaribio lisilogharimu kitu. Weka simu moja mahali unapotaka kiboksi kikae, washa hotspoti, tembea na simu ya pili chumba kwa chumba ukiwa umefunga milango. Kama simu yako inakuruhusu kuchagua, jaribu mara mbili: kwa masafa ya gigahezi 2.4, kisha 5. Ya 2.4 inapenya kuta vizuri zaidi lakini ni ya polepole na imejaa majirani, kwa kuwa humo ndani njia zisizogongana ni 3 tu: ya 1, ya 6 na ya 11. Ya 5 ina kasi na uwanja mpana, ila ukuta wa bloku unaila na zege lenye nondo linaimaliza. Simu si ruta, ina nguvu kidogo kuliko ruta, kwa hiyo ikikupa picha nzuri mahali fulani, ruta haitakuangusha hapo.

Kwa mama mkubwa jaribio lilitoa vyumba vitano safi, cha sita cha kusuasua, na uani pakavu kabisa. Kati ya ukumbi na banda kuna jiko lenye kuta za mabati, na mabati kwa mawimbi ni kioo cha kujitazamia. Kange, toka kistooni, sebule ilipata vizuri na chumba kikuu kilipata masalia.

Sasa machaguo. Ruta moja yenye nguvu ndiyo rahisi, na kwa nyumba ya vyumba viwili vitatu iliyokaa mraba inatosha. Usiruhusu mtu akuuzie zaidi. Ila tangazo la "inapiga mbali" lina nusu ya ukweli. Ruta inaweza kupiga kelele hadi chumba cha mwisho, lakini simu yako lazima ijibu, na sauti ya simu ni ile ile ndogo.

Ruta za kupokezana, zile zinazouzwa mbili au tatu katika boksi moja, zinapendwa kwa sababu hakuna kutoboa. Moja inaungwa na kiboksi, nyingine zinadaka mawimbi yake na kuyatoa upya. Gharama iko kwenye kasi: ruta inayodaka na kutoa kwa masafa yale yale inaongea kila neno mara mbili, basi kasi inashuka karibu nusu kwa kila hatua. Kifurushi cha megabiti 20 kinaweza kusamehe hilo. Mtu anayelipia megabiti 100 halafu chumbani anapata robo yake atadhani kampuni inamwibia. Na jambo ambalo watu hulisahau hapa kwetu: kila moja inataka soketi yake, na umeme ukikatika kila moja inataka betri yake.

Waya hadi chumbani, kisha kiruta kidogo mwisho wa waya, ndiyo njia yenye kazi nyingi siku ya kwanza na malalamiko machache baadaye. Kasi inayoingia mwanzoni ndiyo inayotoka mwishoni. Televisheni, kompyuta ya mezani na boksi la kamera za ulinzi havihami, kwa hiyo vipewe waya, na uwanja wa waifai wabaki simu.

Ila sijamwambia binamu apeleke waya kila kona, maana hiyo ni homa nyingine. Nimemwambia waya mmoja hadi nyuma ya televisheni, mmoja hadi darini katikati ya vyumba vya kulala kwa ajili ya kiruta cha pili, mmoja mezani kwake, na mabomba mengine yabaki matupu na kamba zake.

Kuna pia vile viplagi vinavyopitisha intaneti kwenye nyaya za umeme zilizopo. Unachomeka kimoja hapa, kingine kule, basi. Niliazima jozi nikaijaribu Ngamiani: ndani ya nyumba kubwa ilikwenda kwa kukohoa kila pasi ya umeme ilipowashwa, na banda la uani halikupata kitu kwa kuwa lina mita yake ya umeme. Havipendi ekstensheni, havipendi nyaya zilizoungwa kwa mkono, na nyumba za zamani zimejaa maungio. Nilivirudisha kesho yake.

Shaba, na kinachoitwa shaba

Kati ya Cat5e na Cat6 nitasema jambo litakaloudhi wauzaji: kwa intaneti ya nyumbani, Cat5e ya shaba halisi inatosha. Inabeba gigabiti 1 kwa mita 100, na tangu 2016 kuna kiwango kinachopitisha gigabiti 2.5 juu ya waya huo huo. Cat6 inabeba gigabiti 10 hadi kama mita 55. Cat6A inazibeba mita 100 zote lakini ni nene, ngumu kupinda, na kwa nyumba ni mzigo wa bure. Ninachagua Cat6 kwa sababu moja tu, kwamba sitaki kurudi ukutani. Lakini Cat5e ya kweli ni bora mara kumi kuliko Cat6 ya uongo.

Na ya uongo ipo tele. Katika duka moja mjini niliwekewa maboksi mawili juu ya kaunta, yote yameandikwa Cat6, yote mita 305, moja karibu nusu ya bei ya mwenzake. La bei kubwa kijana alilibeba kwa mikono miwili. La pili alilishika kwa vidole.

"Kaka, tofauti ni jina tu," akaniambia. "Kazi ile ile."

Nikaomba kipande cha shubiri moja, nikakimenya, nikakwangua unyuzi mmoja kwa wembe. Rangi ya shaba ilitoka kama rangi ya kucha, chini yake ukabaki weupe wa sufuria. Ulikuwa ni alumini iliyopakwa shaba.

"Si nimekwambia kazi ile ile? Wateja hawarudi kulalamika."

Hawarudi kwa sababu siku ya kwanza inafanya kazi. Alumini ina ukinzani mkubwa kuliko shaba, kwa hiyo waya mrefu unadhoofika mapema, na ni dhaifu ukipindwa, kwa hiyo unyuzi unakatika ndani ya kichwa miezi kadhaa baadaye bila mtu kuugusa. Hapo dalili ni ya kijanja: intaneti haikatiki, inashuka. Gigabiti 1 inataka jozi zote nne za waya. Jozi ya buluu au ya kahawia ikikatika, vifaa vinakubaliana kimya kimya kushuka hadi megabiti 100, ambayo inatumia jozi mbili tu. Ukiingia kwenye kurasa za ruta ukaona tundu limeandikwa 100 badala ya 1000, tafuta kichwa kibovu kabla hujapiga simu huduma kwa wateja.

Jaribio la wembe muuzaji akilikataa, nyanyua maboksi yote mawili. Alumini haijui kudanganya uzito.

Mpangilio wa rangi uwe mmoja nyumba nzima. Mafundi wengi hapa hutumia B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ncha zote mbili sawasawa. Fundi akikwambia rangi hazina maana mradi ncha zilingane, mwambie asante na umtafute mwingine: jozi zimesokotwa pamoja kwa makusudi, na ukizitenganisha zinaanza kusikilizana maneno.

Kwenda uani

Banda la mama mkubwa liko mita 14 toka ukumbini. Shaba inafika bila shida, na jirani yake mmoja alishafanya hivyo: waya wa ndani, mweupe, umepita hewani juu ya kamba ya nguo. Jua liliupasua ngozi. Kisha usiku mmoja wa masika radi ilipiga mnazi wa nyumba ya nyuma, haikugusa nyumba yake hata kidogo, na asubuhi matundu ya ruta yalikuwa yamekufa ncha zote mbili. Shaba ndefu kati ya majengo mawili ni mkono ulionyooshwa kwa radi, na majengo yenyewe yakiwa na athi (waya wa kupeleka umeme ardhini) tofauti, mambo yanazidi.

Kwa hiyo kati ya nyumba na banda nilichagua faiba: uzi wa mita 20 uliokuja na vichwa vyake, ndani ya bomba lililofukiwa, na kigeuzi kidogo kila ncha cha kurudisha mwanga kuwa shaba. Ni vifaa viwili vya ziada na soketi mbili, lakini kioo hakina habari na radi. Ukinunua, tazama rangi ya vichwa. Kijani na buluu vinaingiliana kwa mkono lakini havipatani, kwani uso wa kijani umekatwa mshazari wa nyuzi 8, na ukivikutanisha mwanga unapotea njiani.

Kama bomba haliwezekani, waya wa shaba wa nje, wenye ngozi nyeusi ngumu, ufukiwe, na uwe tayari kuupoteza.

Jambo jingine la radi ambalo mafundi wengi hulipita: waya mweusi unaotoka nguzoni mara nyingi una uzi wa chuma wa kuushikilia. Kioo hakipitishi umeme, chuma kinapitisha. Chuma hicho kiishie kwenye ndoano nje ya ukuta, kikatwe, kisiingie ndani. Mwombe fundi afanye hivyo mbele yako.

Umeme ukikatika

Faiba ya majumbani ina sifa moja inayosahaulika. Kule barabarani, mahali uzi mmoja unapogawanywa kwa nyumba 32 au 64, hakuna mashine inayotaka umeme; ni kioo kinachogawa mwanga. Mtaa mzima ukiwa gizani, mwanga unaendelea kufika kwako maadamu mtambo wa kampuni una umeme. Kinachozima intaneti ni kiboksi chako mwenyewe.

UPS ya kompyuta, ile betri ya akiba, inafanya kazi, ila inapoteza nguvu kwa kupandisha umeme hadi volti 230 ili adapta iushushe tena hadi 12. Kibetri kidogo cha volti 12 kinachochomekwa moja kwa moja ni bora kwa kazi hii. Soma kibandiko cha chini ya kiboksi: volti zilingane, ampea za kibetri zisipungue. Na namba kubwa za mAh, kipimo cha ujazo wa betri, zisikutishe. Kibetri kilichoandikwa 8,000 mAh kwa kawaida kinahesabiwa kwa volti 3.7, yaani kama wati-saa 30. Kiboksi na ruta yake vikila wati 10, ni saa tatu kasoro, na nyingine zinapotea njiani. Umeme ukikatika jioni, inatosha kumaliza taarifa ya habari.

Hapa ndipo waya unapozipita tena zile ruta za kupokezana. Kiruta cha darini kinaweza kupokea umeme kwenye waya ule ule wa netiweki, toka swichi ya netiweki iliyo kistooni. Kiwango cha kawaida kinatoa hadi wati 15.4. Betri moja mahali pamoja, nyumba nzima inabaki hewani. Kwa alumini iliyopakwa shaba usijaribu, inapata joto.

Kange tumemaliza kutindua wiki iliyopita. Binamu amepiga picha za kila ukuta akiwa ameegemeza futikamba kwenye pembe, ili siku ya kupiga msumari ajue bomba liko wapi. Jana jioni tulivuta kamba za mabomba yote sita, moja moja, yeye kistooni mimi vyumbani. Tano zilitembea. Ya chumba cha wageni imeganda, haiendi wala hairudi. Nadhani kuna saruji mle, kwenye pindo la juu ya mlango. Kesho tunalifungua tena, maana fundi wa lipu anaanza Jumatatu.